Niliandika "kina mama hawana pingamizi", na kina mama walikuwa mwambani

Wakuu, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa walionitangulia umri, ingawa humu ndani naona mnazidi kupungua.

Nina jambo nimelikana kwa miaka mingi. Nimelikana kijijini, nimelikana kazini, na mara moja nimelikana harusini nikiwa na sahani ya pilau mkononi.

Leo nalisema. Ile sentensi iliyofunga njia yetu ya kwenda pwani haikuandikwa na sorovea. Niliiandika mimi.

Watu wawili tu ndio waliowahi kulisikia hili kutoka kinywani mwangu. Nitawafikia mwisho. Ninayoyasimulia yalitokea hivi hivi. Majina nimeyabadilisha, isipokuwa la shangazi yangu, Mwanakombo, Mungu amrehemu. Huyo nikimpa jina jingine naogopa atakuja kuniuliza.

Uzi ni mrefu. Mwenye chai aiweke karibu.

Mimi ni mtu wa Mwabungo, ukitoka Ukunda unaelekea Msambweni. Nilikwenda chuo kikuu Nairobi nikarudi na digrii ya jiografia na tabia ya kuanza sentensi kwa "kwa mujibu wa". Nikapata kazi ya kufundisha sekondari. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, kamati ya kijiji ikanifanya katibu.

Tulikuwa watu tisa, mwanamke nikiwa peke yangu. Nami nilidhani hilo limetosha. Mwanamke yumo, basi wanawake wamo.

Sasa, njia yenyewe. Ilikuwa kichochoro tu, upana wa mtu na kapu lake, kinachopita katikati ya ploti moja yenye minazi hadi pwani. Tangu nizaliwe kilikuwepo. Wanaume walikuwa hawakitumii sana, kwa sababu vyombo vyao vya uvuvi viliegeshwa upande wa pili. Waliokipita kila mara ni kina mama wanaokwenda mwambani kwa miguu kuchokoa pweza.

Ploti ikauzwa. Aliyenunua ni mama mmoja wa bara, muuguzi mstaafu, nimwite Mama Nyambura. Alitaka kujenga nyumba ya uzeeni na kuizungushia ukuta. Kichochoro kilikuwa kinapita pale patakapokuwa jikoni mwake.

Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alisema atatoa barabara kamili upande wa kaskazini wa ploti, pana ya kupita gari, kwa ardhi yake mwenyewe. Alichotaka ni barua ya kamati inayosema wanakijiji hawana pingamizi.

Sorovea wake, mpima ardhi Bwana Mutiso, alituletea ramani. Mtu mpole, kofia ya majani makavu kichwani, Kiswahili cha Machakos. Akaitandaza mezani, akaishikilia pembe kwa vikombe.

Wakuu, mimi na ramani. Nikiona ramani nasahau kama kuna dunia. Njia ya zamani ilikuwa mstari mwembamba, mpya ilikuwa mstari mnene. Zote mbili zinafika pwani. Umbali kati yake hata nusu kilomita haukufika. Nikawaeleza wenzangu kwa kalamu, huku na huku, kama niko darasani. Wakaitikia kwa vichwa. Nani atakataa barabara ya gari badala ya kichochoro?

Lakini nilikuwa nimesoma. Nilijua kuna kitu kinaitwa ushirikishwaji. Nikasema hapana, lazima wananchi wote waitwe, hasa kina mama. Nikaandika tangazo, nikalibandika dukani, nikaomba litangazwe msikitini. Mkutano: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kina mama hawakuja. Walikuja wanaume kumi na kitu, na bibi mmoja ambaye alikuwa amekuja kununua chumvi.

Mtu mwenye haki, mimi, nikasema tusiamue. Tuwape nafasi ya pili. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Hawakuja tena.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hamisi, akatazama viti vitupu akauliza, "Hawa wanawake wako wapi?"

Nikamjibu, "Wamearifiwa mara mbili, Mzee."

"Basi kama wamearifiwa."

Nikaandika. Bado naikumbuka neno kwa neno: "Kina mama wetu waliarifiwa kwa nyakati mbili tofauti, na hawakuwa na pingamizi."

Watu wa pwani mnaosoma hapa najua mmeshashika vichwa. Wa bara subirini kidogo.

Maji ya bahari yana bamvua na yana maji mafu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukikamilika, bahari inajaa sana na inakupwa sana. Mwamba wote unatoka nje. Hizo ndizo siku za pweza. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, na mama wa pweza anakaa nyumbani, anafua, anasuka ukili wa mikeka.

Na kwetu, siku za bamvua, maji hukupwa hadi mwisho mnamo saa nne asubuhi.

Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo, kwa haki yangu yote, nilikuwa nimewaita mara mbili, nyakati mbili tofauti, katika saa ile ile ambayo kila mmoja wao alikuwa mwambani maji yakiwa chini ya magoti. Ningeendelea kuwaita kila baada ya wiki mbili hadi mwaka uishe, na ningeendelea kuandika kwamba hawana pingamizi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Alhamisi ile kabla ya mkutano wa pili nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili somo la maji kujaa na kupwa. Nilichora jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, kwa chaki nyekundu. Nilitoa na swali la nyumbani.

Barua ikaenda kwa Mama Nyambura na kwa ofisi ya ardhi Kwale, pamoja na nakala ya kumbukumbu za mkutano. Nguzo zikachimbiwa, seng'enge ikavutwa pande zote. Barabara ya kaskazini ikafunguliwa, kichochoro kikafungwa. Ukuta wa mawe ungefuata mawe yakifika.

Kama wiki tatu hivi baadaye niko nyumbani nasahihisha madaftari, akaja jirani yetu Mwanasha, miguu ina mchanga mbichi.

"Mwalimu, shangazi yako yuko jabalini, maji yamemzunguka."

Kati ya barabara mpya na mwamba wa pweza kuna jabali linaloingia baharini kama pua. Kwenye ramani lilikuwa kivuli cha penseli. Maji yakikupwa unalizunguka kwa miguu bila kulowa. Yakianza kujaa halizungukiki. Kwa kichochoro cha zamani hilo halikuwa na maana yoyote, kwa sababu walikuwa wakitokea upande wa pili wa jabali. Kwa barabara mpya, ilibidi waache pweza mapema, saa nzima kabla, wawahi kulizunguka. Shangazi alikuwa na goti bovu na alikuwa amekutana na pweza asiyetaka kutoka. Hakuwahi.

Nilipofika juu ya jabali nilimwona chini yangu, amekaa kwenye ukingo wa jiwe, kanga imefungwa kiunoni, kapu mapajani. Maji yalikuwa yanapiga hatua mbili chini ya miguu yake. Mahali alipokaa hapafikiwi na maji, yeye alilijua hilo, mimi sikulijua. Nilikuwa nahema kama aliyekimbizwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia?"

"Tufanyeje? Niite chombo?"

"Chombo cha nini? Yatakupwa. Yamejaa mara ngapi tangu nizaliwe, na kila mara yamekupwa." Akageuza pweza kapuni. "Ila nina kiu. Na mguu umechubuka."

Nikamteremshia chupa ya maji kwa kamba tuliyochana kwenye kaniki ya Mwanasha, kile kitambaa cheusi. Akanywa. Kisha akainua uso.

"Wewe si ndiye karani wa kamati?"

"Katibu, shangazi."

"Haya, katibu. Nimesikia huko Kwale kuna karatasi imeandikwa 'kina mama wetu' hawana pingamizi. Nani kaandika?"

Mwanasha alikuwa amesimama kando yangu. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema kweli. Shangazi hangeweza hata kunifikia.

Nikasema, "Ni sorovea."

"Yule wa kofia?"

"Huyo."

"Alituuliza lini?"

"Hakuuliza."

Shangazi akatema mate baharini. "Watu wa bara," akasema, na akarudi kwa pweza wake.

Alikaa pale hadi alasiri imepita. Mimi nilikuwa naenda na kurudi juu ya jabali, naketi, nasimama, nahesabu mawimbi ambayo hayahesabiki. Yeye alisinzia.

Kuanzia siku ile sikutulia. Mchana nikiwa darasani nilikuwa natazama dirishani kuona kama lori la mawe limepita. Nikipita dukani natazama ukutani, mahali tangazo langu lilipokuwa limebandikwa, bado gundi ilikuwepo.

Halafu kuna Bwana Mutiso. Alikuwa akinywa chai kwenye kibanda cha Mwanasha kila alipokuja kazini. Sasa akija anaambiwa chai imekwisha. Birika linatoa moshi mbele yake, anaambiwa imekwisha. Siku moja nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe changu. Alinitazama, akanyoosha kofia, akasema, "Basi nitakunywa Ukunda." Akaenda. Hakujua kosa lake ni lipi, na mimi nilimaliza chai yangu.

Nikamwendea shangazi nikamwambia nataka kuitisha mkutano mwingine, wa kweli. Nikamuuliza, yeye, siku gani na saa ngapi. Digrii yangu haikupenda, lakini niliuliza.

"Jumatano ijayo," akasema. "Maji mafu. Baada ya adhuhuri, watu wameshapika. Na usituite ofisini. Hapa uani."

Walikuja hadi mikeka ikaisha. Nilikuwa nimejiandaa kuwapa hotuba ya kuomba radhi iliyozunguka bila kutaja mtu. Sikupata nafasi.

"Mwalimu, andika majina kwanza," akasema mmoja nyuma. "Usije ukasema hatukuwepo."

"Na uandike tumekuja na midomo yetu," akaongeza mwingine. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kujilazimisha.

Nilitarajia sauti moja: barabara mpya ifutwe, kichochoro kirudi. Nilikuwa nimeshaandika aya ya kwanza nyumbani, mnanijua.

Mwanasha ndiye aliyeanza. "Mimi barabara mpya naitaka. Mama yangu mlimbeba kwa kitanda hadi lami, mmesahau? Leo gari linafika hadi mlangoni kwetu."

"Wewe huendi mwambani," akaambiwa.

"Siendi, na pweza wenu ndio nawakaanga. Nikifa na uchungu wa mtoto mtamuuzia nani?"

Wakazozana. Mama mmoja akasema kichochoro pale katikati hata yeye hakipendi, kuna nyoka. Mwingine akasema Mama Nyambura ana haki ya kupika bila watu kupita na mikuki ya pweza mlangoni, hata yeye asingekubali. Mambo hayo yote hayakuwa kwenye ramani yangu wala kwenye aya yangu. Nilikata aya. Kisha nikakata na kichwa cha habari.

Shangazi alikuwa pembeni, ananyoosha goti. Wakachoka.

"Nani kasema barabara ifungwe?" akasema. "Mimi njia siitaki kila siku. Naitaka siku za bamvua. Aweke kilango kidogo upande wa kusini, nje ya jabali, tupite kando ya ua wake, sio jikoni. Bamvua likiisha, afunge, alale. Hata sisi tutakuwa tumelala."

Kisha Mwanasha akasema, "Na yeye mtu wa bara atajuaje bamvua ni lini?"

"Ataambiwa," akasema shangazi.

Jamani, tulikuwa tumeketi watu tisa na ramani na vikombe vinne vya kushikilia pembe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba njia inaweza kuwa ya siku fulani tu. Kwetu njia ipo au haipo. Kwa mtu anayeishi na maji, vitu huja na kuondoka, na lango linaweza kufanya vivyo hivyo.

Nikaandika barua ya pili kwa Mama Nyambura, Nairobi. Nikamweleza kilango, siku, goti, jabali. Chini nikaweka namba yangu ya simu. Miaka ile simu za mkononi kijijini zilikuwa za kuhesabu, na yangu ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Sikueleza kwa nini barua ya kwanza ilisema jambo moja na ya pili inasema jingine. Niliandika tu "baada ya mashauriano zaidi". Maneno hayo yananukia digrii.

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Bamvua likaja, wakazunguka jabali mapema, wakarudi na makapu mepesi. Shangazi hakwenda, goti lilikuwa limevimba, na asipokwenda siku tano za bamvua hana kitu hadi mwezi ukamilike. Hakulalamika. Alikaa uani akitazama upande wa bahari, na mimi nilikuwa naona afadhali angelalamika.

Kisha lori la mawe likapita. Niliacha kidato cha pili katikati ya somo, nikatoka nje kuhakikisha. Mafundi walikuwa waanze Jumatatu.

Wakuu, niseme somo sasa, kwa sababu mwisho wa uzi huu nitamwachia mtu mwingine.

Zamani nilidhani kupanua mawazo ni kujaza kichwa: kitabu kimoja zaidi, ramani moja zaidi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa, na mwezi ulikuwemo ndani yake kwa chaki nyekundu. Kilichokosekana ni kuuliza saa nne asubuhi ya mwenzangu inafananaje. Tangu wakati ule, nikiona kiti kitupu mkutanoni siandiki kwamba mwenyewe amekubali. Nauliza yuko wapi saa hizi, na anafanya nini, na nani aliyeichagua saa yenyewe. Mara nyingi aliyeichagua ni mimi.

Na la pili, ambalo silipendi. Waliokuja hawakusema nilichotaka waseme. Ukimshirikisha mtu halafu maneno yako yote yakabaki kama yalivyokuwa, ujue hukumshirikisha.

Bwana Mutiso, kama umo humu ndani, unanidai radhi. Chai haikuwa imekwisha. Na nyinyi wengine, semeni humu: ni uamuzi gani mliwahi kuufanya kwa niaba ya watu waliokuwa kazini wakati mnaamua? Kwenye kamati, kazini, hata nyumbani. Nitasoma zote, na matusi pia.

Sasa simu.

Ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya mafundi. Nilikuwa uani kwa shangazi, kwa sababu mtandao ulikuwa unapatikana pale tu, kati ya kinu na banda la kuku. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda anapiga pweza aliyeletewa na wenzake, kwa kipande cha mti, pole pole. Simu ikalia.

"Ni Mama Nyambura," ikasema. "Niko na barua zako mbili hapa kwa meza. Ya kwanza inasema hao wamama hawana shida. Ya pili inasema wako nayo. Mimi nataka kujua kitu moja tu. Hiyo ya kwanza iliandikwa na nani?"

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anapiga pweza. Nikasogea mbali, mtandao ukakatika-katika. Nikarudi palepale kando ya kinu.

"Haloo? Ni huyu surveyor wangu? Kwa sababu kama ni yeye, nitamwondoa leo."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niliwaita saa ambayo hawawezi kuja, hawakuja, nikaandika wamekubali. Bwana Mutiso hakuandika hata neno."

Kipande cha mti kikasimama. Kisha kikaendelea.

Kuku wakapita miguuni mwangu.

"Sawa," akasema Mama Nyambura. "Niandikie hivyo, na uweke sahihi. Fundi nitamwambia aache nafasi ya mlango upande huo wa kusini. Sasa niambie, hiyo bamvua ingine inaanza siku gani?"

Nilikuwa na jibu. Mwezi ulikuwa kichwani mwangu, siku na saa. Nikafungua mdomo.

Shangazi, bila kuinua kichwa, akasema taratibu, "Mimi nilijua tangu jabalini. Sorovea gani wa bara atakayeandika 'kina mama wetu'?"

Nikafunga mdomo. Nikamnyooshea simu.

Akafuta mkono kwenye kanga, akaishika simu juu chini, nikaigeuza, akaiweka sikioni.

"Haloo, mwanangu," akasema. "Hujambo? Mimi ndiye mwenye kuipita hiyo njia. Chukua kalamu."